Anatumaini au Anatarajia?

Zahanati za watu binafsi ziliporuhusiwa tena, moja ilifunguliwa Temeke, mtaa wa pili kutoka kwetu. Daktari wake alikuwa mama wa Kihindi aliyesomea Uingereza, na alifika na maneno matatu tu ya Kiswahili: jambo, asante na pole. Hilo la mwisho alimpa kila mtu, hata yule aliyekuja kusoma mita ya umeme. Alihitaji msichana wa kukaa kati yake na wagonjwa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nilikifaulu vizuri, na mdomo wangu haukuwa na breki. Nikaenda kuomba, nikachukuliwa kwa majaribio.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Baba alikuwa amepunguzwa kazi bandarini, akawa anashinda barazani na redio yake. Tulikuwa tunakula vitumbua vya mama, vile alivyouza na vile vilivyobaki. Mama alikwisha kuzungumza na mama mdogo wa Mbagala anichukue nikakae kwake, nimsaidie gengeni. Sina ubaya na genge, limesomesha wengi. Lakini mimi nilikuwa nimemeza Kiingereza miaka yote ile, na sikutaka kwenda kukitapika juu ya mafungu ya nyanya. Zahanati ikinikataa, nahamia Mbagala. Hilo lilishapangwa, na mama hakuwa mtu wa kupangua mambo.

Siku ya kwanza aliingia mama mmoja anatetemeka ndani ya khanga zake. Daktari akaniuliza ana nini. Nikajibu kwa kifua mbele: "She feels sick." Shuleni mwalimu aliandika ubaoni kwamba "sick" ni mgonjwa na "ill" ni mgonjwa, akafuta, akaendelea na mengine. Daktari akamwita sista, yaani nesi wetu, mwanamke wa Kichaga aliyekuwa na haraka ya maisha. Sista akaleta beseni, akamwekea yule mama chini ya kidevu. Mama akalitazama beseni, akanitazama mimi.

Akaja mzee wa mguu uliovimba. Nikasema vilevile, na beseni likaja vilevile.

"Binti," mzee akaniambia, "mie naumwa mguu. Beseni la nini, nimekuja kuoga?"

Kufika adhuhuri, foleni yote nje ilishajua kwamba kwa daktari mpya hupimwi mpaka utapike kwanza. Wawili wakaondoka zao. Hapo daktari akafunga mlango, akanikalisha, akaanza kunionyesha kwa vitendo. Akajishika tumbo, akatoa ulimi, akainamia beseni: huyo ndiye anayehisi "sick". Kisha akalala juu ya kitanda cha wagonjwa, akafumba macho, akavuta shuka: huyo ni "ill". Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sikufanya hata kimoja. Nilimwomba arudie.

Tangu hapo nikawa kero kwake. Kila mgonjwa akitoka, nilibaki mlangoni na swali. Mkono ni "hand" mpaka wapi, na "arm" inaanzia wapi? Mbona kichwa "ache" lakini kidonda "sore"? Nilimfuata hadi kwenye gari lake, naye akinijibu huku anatafuta funguo. Jioni nilikuwa namnyang'anya baba redio, nasikiliza matangazo ya Kiingereza, narudia maneno kwa sauti mpaka wapangaji wenzetu wakawa wananiita BBC kwa kunicheka. Wacheke. Mbagala hawaendi wao.

Kila Jumamosi jioni, daktari alipokuwa anafunga, aliniambia neno lilelile: "I hope to see you on Monday." Nami nilikwenda nyumbani moyo mweupe. Mama alikuwa ananisubiri kwenye jiko la vitumbua.

"Kasema nini leo?"

"Kasema ananitegemea Jumatatu."

"Haya," alisema mama, na habari za Mbagala zikalala wiki nyingine.

Mtaani kwetu kutegemea kulibeba kila kitu. Nategemea mvua itanyesha, nategemea atapona, nakutegemea kesho. Ubaoni mwalimu aliandika "hope" na "expect" na kuyafungia neno moja hilohilo. Kwa hiyo siku daktari aliposema kuhusu mtoto mmoja mchanga, "I hope the fever will come down by morning," mimi nilimtafsiria mama yake bila kupepesa: daktari anategemea asubuhi homa itakuwa imeshuka. Yule mama akaenda zake anatabasamu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni, na mtoto anawaka moto vilevile.

"Si mlisema itashuka? Nimelala usingizi mzito mie, nikijua nyie mmeshasema!"

Daktari alimbadilishia mtoto dawa, akampumzisha pale mpaka jioni, na homa ikashuka. Lakini alinigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona kwake. Akauliza nilimwambia nini yule mama. Nikamweleza. Akanipeleka dirishani, akanionyesha kamba ya nguo ya jirani. Akasema, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba mtu akiwa na "hope" kuwa mvua haitanyesha, huacha nguo kambani na kuangalia juu. Lakini aki-"expect" mvua, huenda kuanua. Moja ni moyo tu. La pili umeshalifanyia kazi.

Nilielewa papo hapo, na nilielewa zaidi ya alivyotaka. Jumamosi zote zile! Kumbe hakuwahi kunitarajia hata mara moja. Alikuwa ananitumaini, kama mtu anavyotazama mawingu. Sista alipoona nimenyong'onyea alinivuta pembeni, akaniambia kwa huruma yake ya harakaharaka kwamba kuna msichana wa Upanga, kasomea Nairobi, ameshaitwa mara mbili kuzungumza na daktari. Niliumia, na nilikasirika. Nikaapa kwamba kama ni kuondoka nitaondoka, lakini hakuna mgonjwa mwingine atakayelala usingizi wa uongo kwa mdomo wangu.

Jumamosi iliyofuata fundi mwashi mmoja kutoka Kiwalani alimleta binti yake, amelegea, macho yamegeuka juu. Daktari alimtundikia dripu, akaagiza gari la kumpeleka hospitali kubwa. Fundi alinishika kiwiko, mikono yake bado ina saruji.

"Dada, muulize. Mwanangu atapona?"

Nikauliza. Daktari akasema, "I hope so."

"Anatumaini atapona," nikamwambia.

"Yaani atapona."

"Hapana, kaka. Anatumaini. Hajasema ana hakika. Nenda naye hospitali sasa hivi, na usitoke pale kitandani kwake."

"Niambie tu atapona, dada. Inakugharimu nini?"

Neno lilikuwa mdomoni, jepesi kabisa. Ningelisema angenibariki. Nikakaza. Nikamrudishia jibu lilelile, na nikamwambia tena asiondoke kwa mtoto. Alinitazama kwa chuki, naye alikuwa na haki. Kisha akambeba binti yake, akapanda garini.

Daktari alikuwa amesimama muda wote akitusikiliza. Akauliza kwa nini maneno yake mawili yamenichukua muda mrefu hivyo. Nikamwambia: huyu baba alitaka nimpe "expect", na wewe hukunipa. Alinawa mikono, akakaa na faili zake. Mimi nikaanza kufuta saruji aliyoniachia fundi kwenye mkono wa gauni langu jeupe la kazi.

Jioni akafunga dirisha, akachukua mkoba. Nikasubiri neno lile nililolizoea. Akafika mlangoni, akageuka.

"I expect you on Monday," akasema. "Early."

Nilitembea nyumbani nikilirudia njia nzima, watu wananishangaa. Binti wa fundi alipona, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye, baba yake alipomleta tumwone. Jioni ile nilikuwa na neno moja tu mkononi.

Mama alikuwa kwenye jiko lake.

"Haya, kasema nini? Anakutegemea tena?"

"Leo kasema ananitarajia."

"Tofauti yake?"

"Tofauti yake, mama, Jumatatu nisipokwenda atauliza niko wapi."

Mama alikitazama kitumbua kinavyoiva, akakigeuza, akakitoa. Halafu akaniachia kijiko, akaenda uani kuanua gauni langu la pili.