Ujumbe wa Jaribio

Bora haya myasikie kwangu kabla hamjayasikia sokoni. Mimi ni fundi wa kompyuta katika maktaba moja hapa Bagamoyo. Kundi letu la mafundi wa maktaba lina sharti kubwa: usijaribu mfumo mpya kwa namba za simu za wasomaji. Sharti hilo nililitunga mimi.

Juzi nilitengeneza mfumo wa kuwakumbusha wasomaji kwa simu warudishe vitabu. Dada Neema, fundi mwenzetu wa Mkange, akaniuliza kundini, "Kaka Salum, unajaribu kwa namba zako?" Nikamjibu kwamba mimi si wa kufundishwa kazi. Kwa uvivu tu, nilikuwa nimeweka namba za wasomaji wote. Nikautegesha ujumbe wa jaribio utoke alasiri, nikaenda kwenye khitma ya marehemu Mzee Shomari, msomaji wetu wa miaka mingi.

Tulipoinua mikono kuomba dua, simu zikaanza kulia mkekani, hii ikinyamaza ile inaanza. Shehe akakatiza dua. Mwana mkubwa wa marehemu alikuwa ameishika simu ya baba yake. Akasoma taratibu, "Maktaba inajaribu mfumo. Ukiupata ujumbe huu, mjibu Salum."

Akaniangalia.

"Kaka Salum, baba ameupata. Nikujibu nini?"