Visanduku Katika Wimbo wa Mwalimu

Mpaka leo nikiona kisanduku kitupu katikati ya maandishi, damu inanichemka. Watu hunicheka. Wanasema ni alama tu, simu yako imezeeka, tafuta nyingine. Wacha wacheke. Kisanduku kama hicho kiliingia katika wimbo wa mwalimu wangu siku ya mazishi yake, na hadi sasa hakijatoka.

Mwalimu huyo ndiye aliyeilea kwaya ya kanisa letu hapa Migori, kabla hajastaafu na kurudi kwao Lambwe. Kwaya zetu hazisomi noti za mistari mitano, zinasoma solfa: herufi za sauti, d, r, m, zilizotenganishwa na nukta. Kistari maana yake endelea kuvuta sauti ileile. Pigo lisilo na kitu maana yake nyamaza. Mtoto wa Sunday school anajua hivyo.

Wimbo wake wa mwisho alituletea mwenyewe, akitembea kwa mkongojo. Ni wimbo wa mtu anayerudi nyumbani kutoka mbali. Kila ubeti unafika kwenye neno "nakuja", na baada yake kuna vistari vinne. Tulipokuwa tukikatiza hapo kwa kuishiwa pumzi, alikuwa akigonga meza. "Hapo msiache," alisema. "Huyo mtu bado yuko njiani. Mkiacha, atafikaje?"

Alipofariki, mjane wake aliomba jambo moja tu: wimbo huo uimbwe kaburini, wote, kama alivyoutunga. Sisi tulikuwa wachache, kwa hiyo kwaya moja ya Homa Bay ikakubali kuungana nasi. Wao hawakuwahi kuusikia. Ikabidi niuchape kwenye kompyuta yangu na kumtumia kiongozi wao, auchapishe huko na kuwafundisha watu wake.

Niliuchapa vizuri, kwa hilo sirudi nyuma. Nilipakua fonti ya solfa, yaani zile sura za herufi ambazo kompyuta huchora, na fonti hiyo ilikuwa na kistari chake cha kuvuta sauti, kirefu na kilichonyooka. Nilichokuwa sijaambiwa na mtu ni kwamba ndani ya faili hakuna kistari chochote. Kuna namba tu. Kompyuta inayopokea inasoma namba hiyo, inatafuta katika fonti zake sura inayolingana nayo, na ikikosa inachora kisanduku kitupu na kuendelea na safari. Haisimami. Haimwulizi mtu. Sisi tunafundishwa tangu utotoni kwamba kuuliza si ujinga, halafu tunauziwa mashine ambayo haikufundishwa hilo. Wataalamu wananiambia kisanduku ndiyo njia yake ya kusema sijui. Basi iseme sijui, kwa maneno, tuisikie.

Siku ya mazishi wenzetu wa Homa Bay walikuja na karatasi za kupendeza, picha ya mwalimu ikiwa mbele kwa rangi. Zetu zilikuwa zimekunjika na kuchakaa pembeni. Tukaambiwa tuziweke mikobani, tushike mpya, ili kwenye picha tufanane. Tukakubali. Kiongozi wao akasimama mbele, kwa kuwa wao ndio wengi.

Tulianza vizuri. Nilikuwa safu ya pili, macho kwenye karatasi, na neno "nakuja" lilipokaribia nikaona visanduku vinne mahali pa vistari. Kabla sijaelewa ninachokiona, kiongozi akafunga ngumi. Kwaya nzima ikanyamaza. Homa Bay ikanyamaza, Migori ikanyamaza, nami nikanyamaza, kinywa kikiwa bado wazi. Turubai la hema lilipigwa na upepo. Halafu kutoka kwenye viti vya mbele nikasikia sauti moja, kavu, ya mwanamke mzee, ikiivuta ile "ja" peke yake mpaka mapigo manne yakaisha. Alikuwa mjane wa mwalimu. Ubeti wa pili ukawa vilevile, na wa tatu.

Nilimkuta kiongozi nyuma ya hema.

"Ndugu, pale mlinyamaza kwa nini?"

"Si hapo iko tupu?" akasema, akinionyesha kisanduku kwa kidole. "Pigo ikiwa tupu, tunanyamaza."

Nikatoa karatasi yangu mkobani. Akaitazama, akatazama ya kwake, akakuna kichwa. "Kwangu ilifunguka tu hivi. Huyu dada wa saiba, pale nilipochapishia, pia aliona hivi. Nikadhani ndio mtindo wa mzee."

Nilitamani awe ameongopa, nipate wa kugombana naye. Hakuongopa. Kwangu kilikuwa kistari, kwake kilikuwa kisanduku, na faili ni moja. Wakati huo huo waombolezaji walikuwa wakija kutushika mikono. Pale mlipomwachia mama aimbe peke yake, walisema, hakuna aliyebaki na macho makavu. Video ikasambaa. Siku hizi kuna kwaya Kegonga inauimba wimbo huo, na kuna nyingine Ogwedhi, zote zinanyamaza mapigo manne na kumweka mama mmoja mzee avute sauti peke yake. Nimewaandikia. Wamenijibu kwa heshima kwamba walivyoona kwenye video ndivyo ilivyo. Inaniuma sana.

Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, nilikwenda kumuaga mjane. Alikuwa ameketi palepale, leso magotini. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Mbona mlimwacha njiani?" akaniuliza.

"Mama, ni kompyuta," nikasema. Nikamweleza yote: fonti, namba, saiba ya Homa Bay, visanduku. Nilieleza kwa ukali, kana kwamba kompyuta yenyewe imekaa pale inanisikia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, bila kunikatiza.

"Nyathina," akasema, kwa Kiluo maana yake mwanangu, "hao wa Homa Bay hawakuujua, sawa. Lakini nyinyi aliwaimbia kwa mdomo wake, mkaujua. Nyinyi mlikuwa mnaangalia karatasi ya nini?"