Alhamisi ya Mama Vaileth

Ebenezer Sumari aliingia gerejini, mtaa wa Daraja Mbili, Jumatano saa tano asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Vaileth alikuwa amelala chali chini ya Noah nyeupe akifungua starta, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Mzee hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ile miguu.

"Toka huko chini, msanii."

Vaileth akajivuta nje, mikono myeusi kwa grisi. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba mdogo."

"Hiyo shikamoo kaiimbe."

Meshack, aliyekuwa akinyoosha bodi ya pikapu pembeni, aliacha kugonga.

Naandika habari hizi kwa sababu nimechoka kuulizwa maana ya nyimbo zetu na watu wasiotaka kumjua aliyezitunga. Bendi yetu inaitwa Kutu. Tunapiga roki, magitaa yanayokwaruza, na mjini wengi huiita kelele. Jioni magari yakishasogezwa, tunatoa spika stoo na kupiga papo hapo, kwenye harufu ya oili chafu. Vaileth anaimba na kupiga gitaa, Meshack yuko kwenye ngoma, mimi niko kwenye besi. Nyimbo zote ni za Vaileth, na kila moja ni kitu alichotendewa.

Chukua ule unaopendwa zaidi, "Fundi Yuko Wapi". Vijana wa mtaa wa Kaloleni huucheza wakirukaruka, wakidhani ni utani. Maana yake ni hii: Vaileth ni fundi wa umeme wa magari mwenye cheti, na kwa miaka minne wateja wamekuwa wakisimama mbele yake, bisibisi ikiwa mkononi mwake, wakimuuliza fundi yuko wapi. Mmoja alimkabidhi ufunguo Meshack, ambaye hajui waya chanya wala hasi. Vaileth hakugombana na mtu. Alitengeneza gari, likawaka, kisha jioni akaimba mpaka sauti ikamkauka.

"Alhamisi" ndio uliomleta mzee.

Kwao Vaileth ni juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Maji ya shamba hutoka kwenye mfereji uliochimbwa na mababu zao, na kila nyumba ina zamu yake. Nyumba ya marehemu baba yake, Sifael, ilikuwa na zamu mbili: Jumatatu jioni na Alhamisi mchana kutwa. Vaileth alipokuwa chuoni, Alhamisi ilihama. Siku moja alirudi nyumbani akakuta mfereji mdogo wa mama yake umekauka, na maji yote yakiingia shambani kwa Ebenezer, mdogo wake baba. Alimuuliza mama yake. Mama Vaileth, ambaye jina lake ni Marta, alijibu, "Mambo ya ukoo hayo. Soma." Vaileth akasoma, akamaliza, akautunga wimbo:

Baba mdogo ana kiu gani,
amekunywa Alhamisi nzima.

Nani asingeupenda? Niliurekodi kwa simu na kuutuma kila mahali. Nakiri ni mimi. Ndani ya wiki mbili ulikuwa umefika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa Sumari.

"Unajua wananiitaje pale Tengeru?" Ebenezer alimuuliza sasa. "Vijana wa bodaboda?"

Vaileth alijifuta grisi kwa kitambaa.

"Alhamisi. Naenda kununua chumvi, wanasema, 'Alhamisi huyo, ficheni ndoo!' Mimi, mzee wa kanisa."

"Si uirudishe basi, baba mdogo. Watanyamaza."

Mzee alimsogelea hatua moja. Nilidhani angempiga. Badala yake alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumamosi kuna msaragambo, na kikao kitafanyika hukohuko mferejini. Mwenyekiti wa mfereji anakuita. Utaeleza maana ya wimbo wako mbele ya watu. Utaufuta, au Jumatatu ya mama yako nayo inaondoka. Kamati imeshakaa."

Akaondoka akichechemea, maana goti lake la kulia ni bovu.

Ilikuwa Oktoba. Mama Vaileth alikuwa na miche ya kabichi ardhini na kahawa changa mia mbili. Bila Jumatatu, vyote vingekauka kabla ya mvua za vuli.

"Sema ni hadithi tu," Meshack alishauri Ijumaa. "Sema baba mdogo wa kwenye wimbo ni wa Moshi huko."

"Niseme uongo?"

"Useme kitakachookoa kabichi."

Mimi nilipandisha sauti. Nilisema anayefuta wimbo wa kweli kwa kuogopa kamati hana haki ya kushika gitaa. Nilisema mengi. Vaileth alinisikiliza, kisha akauliza, "Wewe kwenu mnamwagilia nini?" Kwetu ni nyumba ya kupanga.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa kule juu, sote watatu. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji: tope hutolewa, kingo hujengwa upya. Wanaume kama arobaini walikuwa wamesimama ndani ya mfereji uliofungwa maji, kila mmoja na jembe lake. Wanawake walikaa juu ya ukingo na vyungu vya chakula, kwa sababu kwa desturi yao mwanamke haingii mferejini. Mimi na Meshack, wageni, tuliwekwa huko huko kwa akina mama. Vaileth alisimama ukingoni kabisa, ncha za viatu zikining'inia. Tangu azaliwe hakuwahi kuja hapo siku ya kazi.

Mwenyekiti, Mzee Elinami, alifungua kwa sala, kisha katibu akaanza kuita nyumba. Ndivyo wanavyofanya siku zote: nyumba ikiitwa, mtu wake huinua jembe na kujibu. Nyumba isiyo na jembe mara tatu hupoteza zamu yake. Hakuna kubembelezana.

"Nyumba ya Ebenezer Sumari!"

"Ipo," mzee akajibu, jembe juu.

Majina mengine mawili yakapita.

"Nyumba ya Sifael Sumari!"

"Ipo," ikajibu sauti ileile.

Vaileth aligeuza kichwa haraka. Ebenezer alikuwa ameinua jembe la pili. Mpini wake ulikuwa na ufa, na ufa ulikuwa umefungwa kwa waya mwekundu wa shaba, mizunguko iliyokaribiana kama uzi wa gitaa. Nilimwona Vaileth akiziba mdomo kwa kiganja. Baadaye aliniambia: waya ule aliuzungusha yeye, akiwa darasa la tatu, kwenye jembe la baba yake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya waya.

"Binti wa Sifael," mwenyekiti aliita orodha ilipokwisha. "Tumesikia wimbo wako kwenye simu. Sasa tuambie bila vyombo. Huyo mnywaji ni nani?"

Vicheko vidogo vikatoka, vikafa.

"Shikamooni," alisema Vaileth. Sauti ilikuwa nyembamba. "Ni baba yangu mdogo, huyo."

Manung'uniko yakapanda. Mtu akapiga kelele, "Fungeni na Jumatatu!" Mwingine akadakia, "Aende akawaimbie wazungu!" Mwenyekiti akainua mkono.

"Unaufuta?"

"Kwanza naomba kuuliza, mzee. Kwa nini baba mdogo ameitika mara mbili?"

Ebenezer alitazama tope. Wanaume wakatazamana kama watu walioulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. Ndipo Mama Vaileth aliposimama kati ya vyungu.

"Nilimpa mimi," alisema.

"Mama?"

"Alhamisi. Nilimpa mimi. Baba yako amekufa, sina mtoto wa kiume, na wewe umekwenda chuo. Nani angeinua jembe? Tungekosa mara tatu, tungepoteza siku zote mbili. Shemeji akasema atachimba mara mbili, sehemu yake na yetu, na nimwachie siku moja. Miaka sita anachimba, na goti lile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha chuo. Si nakujua? Ungekuja hapa kupigana na wazee hawa kila mwezi. Na shemeji nilimwomba asikwambie."

Akina mama wakacheka kwa sauti ya chini. Vaileth hakucheka. Alisimama pale, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu nami nilikuwa nikifikiria hilo hilo, na masikio yalikuwa yakiniwaka: wale vijana wa Tengeru, ile simu yangu, mzee na chumvi yake.

"Baba mdogo," alisema, "nimekukosea. Nimekuaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu nasema hukuiba. Mstari wako nautoa. Leo."

Mwenyekiti alishusha pumzi. "Basi. Jumatatu inabaki. Tufanye kazi."

Yangeweza kuishia hapo. Kabichi zilikuwa zimepona. Meshack alinishika mkono kwa furaha.

"Lakini wimbo sijaufuta," Vaileth akasema.

"Binti!"

"Nimetoa jina la baba mdogo. Alhamisi ya mama bado imeondoka, mzee. Imeondoka kwa sababu nyumba yetu ilikuwa na mtu, ila mkono wake hauhesabiwi. Nina mikono miwili. Nafungua injini nayo. Naomba jembe la baba yangu."

"Mwanamke haingii mferejini."

"Basi nitaimba hivyo."

"Unataka Jumatatu iondoke kweli?" Mwenyekiti sasa alikuwa amekasirika, na sauti kutoka nyuma zilimtaka asibembeleze. Mama Vaileth alikuwa ameshika kingo za khanga yake kwa mikono yote miwili. Angeweza kumwita binti yake arudi nyuma. Nilimtazama, nikaomba asimwite. Hakumwita.

Ebenezer ndiye aliyesogea. Alikuja akikokota mguu kwenye tope hadi chini ya ukingo, akainua lile jembe lenye waya mwekundu, mpini mbele.

"Ebenezer!" mwenyekiti alimwita.

"Goti langu limechoka kuwa watu wawili, Elinami. Mwenye kutaka kulishika jembe hili badala yangu na aje alichukue." Akangoja. Wanaume arobaini, na hakuna aliyesogea. Akamgeukia Vaileth. "Shuka. Vua hivyo viatu vya mjini kwanza."

Alivua, akashuka. Tope likamfika katikati ya miguu. Mwanamume mmoja alipanda ukingo, akaondoka na jembe lake bila kusema neno, na wa pili akamfuata. Wengine walibaki.

Mwenyekiti aliwatazama wakiondoka. Hatimaye alisema kwamba kamati itamwangalia hadi mvua zianze, kwamba hajakubali jambo lolote, na kwamba Alhamisi isizungumzwe kabla ya hapo. Kisha akamwambia katibu arudie jina moja.

"Nyumba ya Sifael Sumari."

Jembe lenye waya mwekundu likapanda.

"Ipo," Vaileth akasema.

Waliinama wote kufanya kazi. Hatua chache kutoka kwake, baba yake mdogo alimtazama akipiga jembe la kwanza, la pili, la tatu, akatikisa kichwa.

"Unakwangua kama unatoa kutu," alisema. "Chimba, mama. Chimba."