Eda Isiyokwisha

Usiku ule nililala na harufu ya mrehani mikononi. Kazi yangu katika maabara ya chuo ni kuponda majani, kuyaloweka kwenye spiriti na kutafuta ndani yake kitu cha kuwasaidia panya kukumbuka njia. Wenzangu wanawafikiria wagonjwa wengi. Mimi namfikiria mmoja tu, mama yangu, ambaye amesahau kwamba baba amekufa.

Kila asubuhi huniuliza baba yuko wapi. Nami, kwa vile sikulelewa kusema uongo, humwambia. Hulia kama ndiyo kwanza anapata habari, kisha huvua bangili, hutafuta nguo nyeupe na kukaa eda. Eda yake aliimaliza zamani, lakini ukimwambia hivyo anakuona huna adabu. Ikifika jioni amesahau, na kesho yake tunaanza tena. Ndiyo maana dawa ile naihangaikia hivi. Nilijiambia kwamba akikumbuka, atalia mara moja tu, yaishe.

Basi katika ndoto nipo maabara, nachuja majani. Mlango haukufunguliwa, ila baba yumo, na kofia yake ya shamba, amekalia kiti changu. Anachambua mrehani taratibu, majani huku, vijiti kule, kama alivyokuwa akimsaidia mama kutengeneza vikuba, vile vishada vya kunukia vya kubandika kifuani, siku za harusi. Kutazama vizuri, meza si meza tena. Ni kaburi lake, na mrehani anaouchuma ni ule tulioupanda kichwani pake.

Nikamwamkia. Aliniuliza dawa ni ya nani. Nikamjibu ni ya mama, apate kukumbuka. Akaniwekea majani kiganjani, mikono yake baridi, na sasa tuko ukumbini kwetu. Mama anavua bangili, na baba anamtazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona alipokuwa hai. Nilitamani nisiwepo.

"Kila asubuhi unanizika upya, mwanangu," anasema. "Mama yako amechoka."

Nikamuuliza kama anataka nimdanganye mama. Alifikiri sana, maana alikuwa mtu asiyependa uongo hata wa mzaha.

"Mwambie namngoja. Huo si uongo."

Nikataka kumshika, nikashika shuka. Kulikuwa kumekucha, na mto wangu umelowa. Mama alikuwa uani, amekaa karibu na kikapu cha mrehani niliouchuma jana yake kwa ajili ya maabara. Akainua uso.

"Baba yako yuko wapi?"

Jibu la kila siku lilinijia mdomoni, nikalimeza.

"Anakungoja, mama."

Alinitazama kitambo, nikaogopa kwamba ameelewa. Kisha akatabasamu, akasema mbona sikumwambia mapema, si vizuri mtu kungojeshwa. Akavuta uzi kutoka pindo la kanga yake, akaanza kutunga kikuba kwa mrehani wote wa kikapuni. Mama huyu huyu anayesahau jina langu, vidole vyake havikukosea hata fundo moja. Bangili zilikuwa zikigongana mkononi mwake.

Alipomaliza alikibandika kifuani, akaniuliza kama amependeza. Nikamwambia amependeza sana, nikakaa naye pale uani, kikapu kikiwa kitupu.