Mama Milimita

Ofisi nzima ilimwita Mama Milimita, na karani aliyemchapia ripoti alijua kwa nini. Mama huyo, mtaalamu wa maua ya okidi ya mwituni, akishuka kutoka mlimani, kucha bado zina tope, hukaa na kupima kila petali kwa rula iliyofutika nusu ya namba. "Mdogo wangu, saba nukta mbili si saba," husema kwa upole, na karani huchapa upya bila kununa, maana mkono ule haujawahi kukosea.

Leo ameleta vipimo vya okidi mpya, ua lake dogo kuliko punje ya mahindi, inayoning'inia kwenye tawi moja na kunywa ukungu kwa mizizi yake. Kila kitu kimepimwa. Penye nafasi ya kutaja mahali ilipoonekana tu pameandikwa "mlimani", basi. "Dada, umesahau. Mlima gani?" karani akauliza. "Sijasahau. Ile ya mwaka juzi niliandika mpaka mti wake. Niliporudi, wezi wa maua walishakata tawi zima." Karani akachapa neno lile kama lilivyo. Mama Milimita akaisoma karatasi, akachukua rula, akalikata neno kwa mstari ulionyooka. "Andika 'msituni'. Mlima unaonekana kutoka mbali."