Mistari ya Neodimiamu

Baba alipoanza kupotea, sie wanawe tukaanza kufunga geti. Alikuwa karani mstaafu. Asubuhi moja aliondoka nyumbani Tegeta akisema anakwenda ofisini, ofisi aliyoiacha miaka mingi, tukamkuta Mwenge ameketi kwa wachonga vinyago, anaulizia barua zake. Tangu siku hiyo ufunguo nikauvaa shingoni.

Kazi yangu iliwezekana popote penye kompyuta, na hilo ndilo lililoniponza: mie ndiye niliyebaki na baba. Nyota mbili za nyutroni, mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zikigongana hupika metali nzito, dhahabu ikiwamo, na mwanga wa mlipuko ule hubeba alama za kila kilichopikwa. Ila huwezi kuzisoma alama hizo mpaka ujue kwanza kila elementi hutoa mistari gani ya mwanga hapahapa duniani. Mie nilipewa neodimiamu, mojawapo ya metali hizo. Mistari yake ni maelfu, imebanana. Nilikaa sebuleni nikiilinganisha mmoja mmoja na hesabu za nishati ya atomu.

"Hiyo nyota umeiona?" baba aliniuliza.

"Hapana, baba. Nasoma mistari tu."

"Kama mie na mafaili."

Kisha maabara moja ya ng'ambo ikanialika kwa mwaka mzima, nikaipime mistari hiyo mwenyewe. Dada yangu wa Dodoma aliahidi kuja kukaa na baba. Zimebaki wiki mbili nisafiri, akapiga simu. "Mdogo wangu, nisamehe. Huku nako sitoki."

Niliandika barua ya kukataa mwaliko, sentensi tatu. Siku hiyohiyo baba alishinda anatikisa geti, hadi nikapasuka.

"Baba, nimechoka! Umenifungia humu!"

Akanigeukia, macho makavu, yule baba wa zamani kabisa. "Mie nimekufungia? Ufunguo anao nani?"

Nikauvua ufunguo shingoni. Nikafungua. Tukatembea mpaka Barabara ya Bagamoyo, nimemshika mkono, tukasimama kutazama foleni. Alimsalimia kila aliyepita. Nililia mbele za watu, naye hakuuliza. Tuliporudi, nikafunga tena.

Miezi kadhaa baadaye, aliyekwenda badala yangu alinitumia vipimo. Kati ya mistari minne niliyoikisia, mitatu ilikuwapo; wa nne ulikuwa mahali pengine kabisa. Nilimwita baba nimwonyeshe. Aliinamia grafu na vilele vyake, akauliza hiyo ni milima ya wapi. Nikamvutia kiti, nikaanza kuutafuta ule mstari wa nne kati ya vilele.