Mbwa Aliyengoja Amina

Jirani yangu wa Nunguni, yule mama wa sauti ndogo, alifundisha mbwa wake kungoja Amina. Chakula kikitengwa, anainua kidole chenye unga, ananong'ona, "Bado," na mbwa anakaa mlangoni amefumba macho kama shemasi, naapa. Amina ikisemwa ndiyo anakuja kula. Siku pasta alipowatembelea, nami nilikuwapo, kuku alikuwa mmoja tu. Pasta akaombea mvua, mbuzi, mpaka punda wa Kyuso. Katikati ya maombi akapaza sauti, "Semeni Amina!" Tukasema. Kufumbua macho, mbwa anatafuna paja la kuku. Mume wake akashika fimbo. Jirani akasimama katikati. "Baba Ndolo, utampiga na alingoja Amina? Watoto wako wenyewe wamenishinda hapo."